Nyuma Peupe

Nilifungwa kitambaa chekundu mkononi saa moja na nusu asubuhi, kwenye geti la msitu, mbele ya wenzangu wote, nikajiona kama mbuzi aliyevishwa kengele.

"Petroli," alisema Mama Sindano huku akikaza fundo, "leo mkia ni wewe."

Petroli ni mimi. Jina hilo nilipewa karakanani wiki yangu ya kwanza, kwa kuwa mimi sihitaji kibiriti, cheche tu inanitosha. Sikulikataa, nililipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naunda fremu ya kochi bila kukosea pembe hata moja, na miguu yangu niliiamini kuliko nilivyowaamini watu. Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kutangulia. Nilinunua raba mpya kwa ajili ya kutangulia. Sasa naambiwa mkia.

"Mkia hoyee!" alipiga kelele Dereva, yule anayepeleka makochi yetu kwa wateja, mtu mrefu mwenye mdomo mrefu kuliko yeye. "Usisahau kufukuza nzi!"

Wakaangua kicheko wote. Hata mjomba wangu alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, akalazimika kushika nguzo ya geti mpaka kipite.

Inafaa nieleze huu mkia, maana ndio ulioniumbua. Karakana yetu hutoka mara moja kwa mwaka kwenda kupanda mlima, na anayetuongoza ni Mama Sindano, fundi wa vitambaa, mwanamke mwenye vigimbi vya chuma ambaye angeweza kuupanda mlima ule akiwa amebeba kochi. Mwaka mmoja alihesabu watu wake kileleni, wakatimia, akateremka nao, na huku chini akagundua kwamba mmoja aliyemhesabu alikuwa mtalii asiyemjua kabisa, na fundi wake wa vanishi amebaki juu analia. Njia ile hujaa watu kama sokoni, ni rahisi kuchanganya vichwa. Tangu siku hiyo hahesabu tena. Mtu mmoja hufungwa kitambaa, hutembea nyuma ya wote, na mwiko wake ni mmoja, kumpita mtu. Mama Sindano akiona kitambaa kimefika, anauliza, "Nyuma?" Mkia anajibu, "Peupe." Yaani hakuna aliyebaki. Basi, msafara unaendelea. Neno la mkia halirudiwi wala halikaguliwi.

Na wa mwisho, bila shaka yoyote, angekuwa mjomba.

Mjomba ni mpiga msasa. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu, dada yake, kufariki, na ndiye aliyenishika mkono akanipeleka karakanani. Kwa miaka thelathini amelainisha mbao za watu wengine, na vumbi la mbao hizo limejaa kifuani mwake. Akimaliza ubao huupuliza, halafu ananiita, mimi tu, hamwiti mwingine. "Njoo upapase, mpwa." Napitisha kiganja. Nikisema bado, anarudia. Nikisema tayari, unakwenda kwenye vanishi. Mimi ndimi jicho lake la pili, alikuwa akiwaambia watu.

Siku hiyo alikuwa amevaa koti la suti. Koti la kijivu, viwiko vinang'aa kwa uchakavu, na vifungo vyote vimefungwa. Mkononi mfuko wa plastiki wenye mayai ya kuchemsha na chupa ya maji. Kushoto na kulia walipita vijana wenye mabegi ya mgongoni na miwani ya jua, na msichana mmoja mwenye kofia ya njano akamnong'oneza mwenzake, sikio langu likadaka, "Huyu mzee anapanda mlima au anakwenda mahakamani?"

Uso ulinichoma. Nilisogea hatua mbili mbali na mjomba wangu, nikajifanya nafunga kamba za raba.

Tukaanza kupanda.

Msitu ule unaanza ghafla. Unapita geti, unakata kona moja, na jua linabaki nje kama mgeni aliyekatazwa kuingia. Njia ni ya mizizi na mawe, imelainika kwa miguu ya watu wengi. Wenzetu walitokomea mbele wakiimba. Mimi nilibaki na mjomba, na mjomba hakuwa akipanda mlima. Alikuwa akitembelea miti.

Kila mti mkubwa alisimama. Aliuwekea kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, akafumba macho.

"Huu mkangazi," alisema. "Unausikia, mpwa? Ndio ule wa kabati la mwalimu mkuu. Mkaidi huu. Ulinila vidole siku mbili."

"Ndiyo, mjomba. Twende."

"Na huu podo. Mlaini huu, hauna kiburi." Akakohoa, akafuta mdomo. "Unajua sijawahi kuuona ukiwa umesimama? Miaka yote hiyo naupapasa umelala, umekatwa, hauna jani. Ni kama kuosha maiti ya mtu usiyemjua sura. Leo nimekuja kusalimiana nao."

Ndiyo maana ya koti. Nilielewa palepale, na badala ya kulainika nikazidi kuona haya, kwa kuwa alikuwa akizungumza kwa sauti na watu walikuwa wakipita. Kila aliyepita alimsalimia. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wanangu, pandeni salama." Na kila aliyepita alikitazama kitambaa changu chekundu, nami nikakishusha kwenye kiwiko, kisha nikakikunjia ndani ya mkono wa shati.

Katikati ya njia kuna kijito, na kando ya kijito gogo kubwa limeanguka, na watu hulikalia. Mjomba alilikalia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alitoa yai, akalimenya taratibu, akanikatia nusu.

Juu yetu, mbali kidogo, nikasikia sauti ya Dereva. "Petroliii! Umezimika? Tukuletee kibiriti?" Na kicheko cha watu.

Nilisimama. Nusu yai lilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mjomba, kaa hapa upumzike. Naenda kuchungulia mbele mara moja, narudi."

Akaniangalia. "Mkia hauendi mbele, mpwa."

"Dakika kumi tu. Usiondoke hapa, tusije tukapotezana."

"Haya," alisema. "Siondoki."

Nilipokata kona nilifungua kitambaa nikakitia mfukoni. Halafu nikakimbia.

Nisiseme uongo tena, nimeshasema wa kutosha: zile mbio zilikuwa tamu. Niliwapita wenye mabegi, nikawapita wenye miwani, nikampita seremala mwenzangu, nikampita Dereva kwenye mawe ya mwisho huku akihema kama lori lake kwenye kilima, nikamtupia jicho tu. Nilifika kwenye jabali la kileleni wa pili, baada ya Mama Sindano peke yake, ambaye alikuwa ameketi akinywa chai ya chupa na hakuwa amegeuka nyuma. Chini yetu msitu wote, mweusi kwa wingi wa majani, na upepo. Dakika kumi zikapita nikiwa nimesimama pale kama mwenye mlima. Zikapita nyingine kumi. Wenzetu wakafika mmoja mmoja, tukala, tukapiga picha. Nilijiambia nitashuka sasa hivi kumchukua. Nilijiambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na mtu anayenisifia mbio.

Kisha wingu likaja. Mama Sindano alilitazama mara moja akainuka.

"Inukeni. Tunashuka kwa njia ya maporomoko, ile fupi, kabla mvua haijatukuta. Mkia!"

Njia ya maporomoko iko upande wa pili wa mlima. Haipiti kwenye kijito. Haipiti kwenye gogo.

Nilitoa kitambaa mfukoni nikakivuta mkononi, fundo likiwa legelege.

"Mzee wetu yuko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa na ukubwa wa neno moja. Lakini Dereva alikuwa amesimama pembeni, ameinua nyusi, anasubiri kusikia Petroli akikiri kwamba alipewa kazi ya mkia akashindwa, kitu ambacho hata ng'ombe anacho. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Ameshuka. Kifua kilimbana, nikamsindikiza hadi penye watu. Atatungoja getini."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

"Nyuma?"

"Peupe," nilisema.

Akageuka, akatangulia. Hakuuliza tena. Ndiyo kanuni yetu, na aliiamini.

Njia nzima ya kushuka nilikuwa nikipanga hesabu kichwani. Mtu mzima. Njia moja iliyonyooka. Watu wengi. Ataona nimekawia, atainuka, atateremka, nitamkuta amekaa kwenye benchi la getini na mfuko wake. Kila nilipofika mwisho wa hesabu hiyo nilimsikia akisema "Siondoki," nikaanza upya.

Benchi la getini lilikuwa tupu.

Ilikuwa saa tisa na nusu, na manyunyu yameanza. Mama Sindano alikwenda kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu, akarudi. "Hawajamwona. Petroli, ulimwacha wapi hasa?"

"Njiani," nilisema.

"Njiani ni kijiji?"

Kabla sijajibu, wakatoka msituni wale vijana wa asubuhi, wamelowa, na mbele yao yule msichana wa kofia ya njano. Alitutazama, akaliona lori lenye picha ya kochi ubavuni, akaja moja kwa moja.

"Samahani. Ninyi ndio watu wa makochi? Kuna mzee kule juu, mwenye koti. Amekaa kwenye gogo la kijitoni. Tumembembeleza ashuke nasi, amekataa kabisa. Tumempa mwavuli, amekataa, anasema sisi tutalowa njiani."

"Amekataa kwa nini?" aliuliza Mama Sindano.

"Anamsubiri mpwa wake. Anasema mpwa wake ndiye mkia, na mkia hauwezi kumwacha mtu. Sisi hatukuelewa ni mkia gani." Akasita. "Akatuambia tukikutana naye tumwambie asikimbie kushuka. Njia inateleza."

Ningelipa chochote Dereva aseme kitu, anitukane, aniite jina lolote, nipate cha kujibu. Aliangalia viatu vyake. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, chekundu, kila mtu akikiona.

Mama Sindano alinyoosha mkono. "Lete."

Nilikifungua nikampa. Akakifunga kwenye mkono wake mwenyewe kwa meno.

"Tangulia," alisema. "Mimi nitakuwa nyuma yako. Wewe si wa kuachwa nyuma ya mtu."

Tulipanda kwenye manyunyu. Nilitaka kukimbia lakini mbio zile za asubuhi zilikuwa zimekwisha miguuni, au nilikuwa naogopa kufika. Watu walikuwa wakishuka kwa makundi, na wengi wao walikuwa wamemwona. "Mnamfuata mzee wa koti? Yupo, yupo, hajambo." Mmoja aliniuliza, "Wewe ndiye mpwa?" Nikasema ndimi. Akasema, "Mzee wako anakupenda sana, bwana," akapita. Nyuma yangu nilisikia buti za Mama Sindano tu, tap, tap, umbali uleule.

Tulimkuta hayuko tena kwenye gogo. Alikuwa amesimama chini ya mti ulio nyuma ya gogo, mti mkubwa kuliko yote, amejibanza kwenye ubavu wake mkavu, kola ya koti ameiinua, na kiganja kimoja kimelala kwenye gome. Alikuwa akitetemeka. Mfuko wa plastiki alikuwa amejivika kichwani kama kofia.

"Mpwa," alisema, akatabasamu. "Dakika kumi zako zina urefu wa kanzu."

Sikuweza kucheka. Nilivua sweta langu nikamvisha juu ya koti. Nilipomgusa mgongo nikasikia kifua kikikwaruza ndani, kama msasa namba sitini juu ya mbao mbichi.

Ndipo akamwona Mama Sindano nyuma yangu, na kitambaa mkononi mwake. Akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Niliona anaelewa, kidogo kidogo, jinsi maji yanavyoingia kwenye mbao. Halafu akajinyoosha.

"Mama, usimgombeze kijana," alisema kwa sauti ya furaha ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia, nenda bwana, niache na miti yangu. Nikamwambia, wakikuuliza sema nimeshuka. Wakisikia nataka faragha na miti, wataniona nimerukwa na akili."

Mama Sindano alimshika mkono wa kushoto, mimi nikamshika wa kulia, tukashuka.

Getini wote walikuwa wametusubiri, chini ya turubai la lori. Mjomba aliwapungia. Akakaribishwa chai, akaipokea kwa mikono miwili, na kabla hajainywa akaanza kuwahadithia jinsi alivyonifukuza. Aliongeza chumvi. Alisema nilikataa, akanitishia fimbo. Alisema nilitaka kulia. Wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha kweli, na seremala akanipiga bega, na Dereva akasema, "Kumbe, Petroli! Na sisi tulishakuhukumu." Niliona mabega yao yakilegea. Walitaka iwe hivyo. Ilikuwa rahisi kwa kila mtu iwe hivyo.

Nami sikuvumilia. Mimi ni mtu ninayejivunia kunyooka, na nilijiona nimesimama pale nimepinda, nasifiwa kwa uongo wa mzee anayetetemeka. Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti iliyozidi kiasi:

"Si kweli. Hakunifukuza. Nilimdanganya nitarudi baada ya dakika kumi, nikaenda kushindana mbio na Dereva. Nilimwacha. Nilimwonea haya, yeye na koti lake, nikamwacha."

Mvua ilipiga juu ya turubai.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia hivyo, kwa muda wa pumzi moja, mpaka nilipomtazama mjomba. Kikombe kilikuwa kimesimama karibu na mdomo wake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, wakiangalia koti lake. Wakiangalia viwiko. Muda mfupi tu uliopita alikuwa mzee mcheshi aliyewachezea wote shere kwa ajili ya miti. Sasa alikuwa mzee aliyekalishwa kwenye gogo saa nyingi na mtoto aliyemlea, akiwaambia wapita njia kwamba mtoto huyo anakuja.

Akaweka kikombe chini. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua likiwa limelowa, akalikunja likawa dogo kabisa, akalisukumiza ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwenye lori alikaa kwenye kona, nikaenda kukaa karibu naye. Wenzetu walijifanya wamelala. Tulikuwa tumekwenda mwendo mrefu ndipo aliposema, taratibu, ili nisikie mimi tu:

"Ulishindwa kuniachia hata hilo?"

Nilivuta pembe ya turubai nikamfunika magoti.

Jumatatu nilifika karakanani mapema. Kitambaa kilikuwa kimeshatundikwa kwenye msumari wake ukutani, kimefuliwa, na Mama Sindano alinipa vipimo vya fremu ya siku ile kama kawaida. Mjomba alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akafunga leso puani, akachukua ubao wa mkono wa kochi, akaanza. Nilimsikia saa nzima, lile swii, swii la msasa ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu utotoni. Kisha likanyamaza. Akaupuliza ubao.

Nilisimamisha nyundo nikisubiri kuitwa.

Aliupapasa mwenyewe. Akaugeuza, akaupapasa tena, akauchukua mwenyewe hadi kwenye meza ya vanishi. Akarudi, akachukua wa pili. Na wa pili vilevile. Na wa tatu.

Kwenye wa nne nilikwenda bila kuitwa. Nilisimama upande wa pili wa meza yake, mikono yangu miwili nimeiweka nyuma.

"Mjomba."

"Nasikiliza."

"Ule mti uliokuwa umejikinga chini yake. Nyuma ya gogo. Ulikuwa mti gani?"

Msasa haukusimama. Ulikwenda, ukarudi, ukaenda.

"Asubuhi ulikaa mbele yake ukapewa yai," alisema. "Jioni ukaja ukanikuta nimesimama chini yake. Hukuuona?"

"Sikuuona."

Ndipo akainua macho, mara ya kwanza tangu siku ile. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye kope. Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama ubao kabla ya kuamua aanzie upande upi.

"Basi na mimi sikwambii," alisema. Akainama, akaendelea na kazi.

Nilibaki pale. Hakunifukuza.